Historia ya Kikundi Chetu na Ile Kesi ya Machungwa



Kamati ya kijitabu hiki ilipokaa ilinikabidhi kazi ya kuandika historia ya kikundi, kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti tangu siku ya kwanza. Wakaniambia niandike tulivyoanza, hisa zilivyokua, mikopo, na viti na maturubai tuliyonunua. Hayo Katibu ameyaeleza vizuri katika taarifa yake na hesabu mnaziona. Mimi nimeomba niandike habari moja tu, nayo ni kesi ya machungwa. Wapo wenzetu walioona tusiiandike kabisa, eti ni kujivua nguo mbele ya wageni. Nawaheshimu lakini sikukubaliana nao. Katika miaka kumi ya kikundi hiki, minne ilikwenda na kesi. Tukiiruka, hawa mabinti waliojiunga juzi watajua viti na maturubai tu.

Tulianza mwaka 2015, akina mama 30, hapa hapa Muheza. Hisa shilingi 2,000, mfuko wa jamii shilingi 500, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa akina mama watatu tofauti. Mtindo huu wa sanduku na hisa si wetu, ulianza kwa wanawake wa nchi ya Niger mwaka 1991 ukaenea Afrika nzima. Miaka miwili ya mwanzo tuliweka na kukopeshana bila matatizo. Mwaka 2017 tukaona hela zinalala, tukasema tufanye biashara ya pamoja. Na Muheza biashara ni nini kama si machungwa? Wanunuzi wanakuja na magari kutoka Dar es Salaam na wengine kutoka Kenya, wanachukua kwa bei yao, mkulima anabaki kushangaa. Tukakata shauri tununue matunda mashambani yakiwa bado mtini, tuchume wenyewe, tuuze kwa jumla.

Tulitoa sandukuni shilingi 7,000,000. Akapatikana mnunuzi, mfanyabiashara wa mjini, mtu wa maneno mazuri na kanzu nyeupe. Tukakubaliana mzigo wote, Fuso tatu, shilingi 12,600,000. Akatanguliza 3,000,000, nazo zikaishia kwa wenye mashamba waliokuwa wanatudai salio na kwa vibarua wa kuchuma. Zilizobaki, 9,600,000, alisema atalipa baada ya wiki mbili akishauza. Fuso ziliondoka tukipiga vigelegele. Sitaki kusema uongo, mimi ndiye niliyeanza kupiga.

Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitano. Mara machungwa yalioza njiani, mara amefiwa, mara simu haipatikani. Kila Jumatano tulipokutana, swali lilikuwa moja tu: Mwenyekiti, hela zetu?

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka liandikwe. Shemeji yangu mmoja alinipeleka kwa mtu aliyemwita wakili. Tulikutana naye mgahawani, ana mkoba wa ngozi na kalamu mbili mfukoni. Alituambia kesi yetu ni nyepesi kama pamba, ndani ya miezi mitatu tutalipwa na riba juu. Alitaka shilingi 400,000. Tukampa. Risiti hakutoa, na mimi sikuomba, niliona aibu kumdai msomi risiti. Mimi ambaye kwenye kikundi nawatoza faini wanaochelewa dakika kumi!

Alituletea karatasi tano za Kiingereza tuweke saini. Kati yetu viongozi watatu hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha, wote ni darasa la saba. Tuliuliza imeandikwa nini, akasema ni maneno ya kisheria tu. Tukaweka saini. Ndivyo tulivyofungua kesi Mahakama ya Wilaya mapema mwaka 2018.

Kabla ya hapo palikuwa na mjadala mkubwa kikundini. Wazee wetu walitaka twende Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linasikilizwa kwa Kiswahili na kila mtu anajisemea mwenyewe, maana wakati ule sheria haikuruhusu wakili kusimama huko. Kuna aliyesikia redioni habari za Mahakama ya Biashara akasema hiyo ndiyo yetu, sisi si ni wafanyabiashara? Ile ni kitengo cha Mahakama Kuu kilichoanzishwa mwaka 1999, nayo ni kwa mashauri makubwa ya makampuni na mabenki. Sisi na Fuso zetu tatu tungeonekana tumepotea njia. Yule bwana wa mgahawani alisisitiza Wilaya. Baadaye nilielewa kwa nini. Mahakama ya Mwanzo tusingehitaji karatasi zake za Kiingereza, basi asingepata 400,000.

Siku ya shauri tulikwenda akina mama 14, tumevaa sare. Wakili wetu hakuja. Upande wa pili alikuja wakili kweli kweli, akasimama na kutoa kitu kinachoitwa pingamizi la awali. Hatukuelewa. Tulirudi tarehe nyingine, na nyingine, na mwishoni hakimu akasoma uamuzi kwamba shauri letu limeondolewa mahakamani na tulipe gharama za mdaiwa. Tulipa shilingi 350,000. Mtu ana hela zetu milioni tisa na ushee, na sisi ndio tunamlipa yeye. Nilipiga simu ya yule bwana pale pale barazani. Imezimwa.

Mengine mnayajua. Wanachama tisa walitoka mwaka ule. Mweka Hazina alisemwa mpaka msikitini kwamba ameshirikiana na mnunuzi, mama wa watu ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi mia ya kikundi. Mimi mwenyewe niliandika barua ya kujiuzulu. Mkutano ukaikataa, sijui kwa huruma au kwa kuwa hakuna aliyetaka kuurithi mzigo ule.

Mtu kama yule wa mgahawani siku hizi anaitwa wakili kishoka. Hakusomea sheria, au alisomea kidogo akaishia njiani, au aliwahi kuwa karani mahali akashika maneno. Wakili wa kweli jina lake limo katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu, na kila mwaka lazima ahuishe cheti chake cha kufanya kazi, asipohuisha haruhusiwi kusimama. Siku hizi hata ukiwa na simu ya kijana unaweza kuitafuta orodha hiyo kwenye intaneti ukaona jina lipo au halipo. Kishoka ana ujanja wake. Zile karatasi tano mwishoni ziliandikwa kwamba zimeandaliwa na wadai wenyewe. Yaani sisi! Jina lake halikuwemo popote. Ukienda kumshtaki utamshtaki nani?

Mwaka 2019 Afisa Maendeleo ya Jamii alitukutanisha na msaidizi wa kisheria, dada mmoja wa kujitolea. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo iliyowatambua wasaidizi hawa. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani, ila wanakuelekeza na kukuandalia mambo yako. Dada yule alisoma uamuzi wa mahakama, akatucheka kidogo kwa upole, akasema mama zangu, nendeni Tanga mjini mkamwone wakili, na mwende na kila karatasi mliyo nayo hata kama imefungia vitumbua.

Wakili tuliyemkuta ni mwanamke, na nikiri kwamba baadhi yetu walisita. Walitaka mwanaume mwenye sauti. Nikawakumbusha kwamba mwaka 1975, wengine wetu tukiwa hatujaanza hata darasa la kwanza na wengine hatujazaliwa, nchi hii ilikuwa na Waziri wa Sheria mwanamke, mama Julie Manning. Na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, kipo tangu mwaka 1989. Basi wakanyamaza, tukaingia.

Mazungumzo ya siku ile nayakumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Alitoza shilingi 30,000 za ushauri, akaandika risiti kabla hatujakaa sawa. Akasoma uamuzi, akasema hamkushindwa. Tukatazamana. Akaeleza kwamba kuna shauri kutupiliwa mbali na kuna shauri kuondolewa. La kuondolewa lina kasoro ya namna lilivyofunguliwa, na ukiirekebisha kasoro unaweza kulifungua upya. Mwaka mzima tulikaa tumevaa kilio cha kesi iliyokuwa bado hai.

Kasoro yenyewe ni nini? Karatasi zile za Kiingereza zilitaja jina la kikundi kuwa ndiye mdai. Na kikundi chetu wakati ule hakikuwa kimeandikishwa popote, tulikuwa na katiba ya kuandika kwa mkono na muhuri tuliochongesha sokoni. Wakili akasema, mbele ya mahakama kikundi kisichoandikishwa ni kama jina la utani la watu 30, na jina la utani haliwezi kumshtaki mtu. Wakili wa upande wa pili aliliona hilo siku ya kwanza. Wala hakuhitaji kugusa habari ya machungwa.

Akauliza mkataba uko wapi. Mweka Hazina akatoa daftari la shule, lile la kurasa 64. Mnunuzi alipokuja 2017, Mweka Hazina alikataa Fuso zisiondoke mpaka aandike mwenyewe kiasi anachodaiwa, kwa tarakimu na kwa maneno, aweke saini, na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi. Wengine siku ile tulimwona anatuchelewesha. Mali bila daftari hupotea bila habari, hata kwenye khanga imeandikwa. Katibu naye akatoa simu yake ya zamani yenye ufa katikati. Ndani kulikuwa na jumbe za yule bwana, nitalipa mwezi ujao mama, nivumilieni. Wakili alifurahi kama amepewa zawadi, akatwambia ipo sheria ya mwaka 2015 ya miamala ya kielektroniki inayokubali jumbe kama hizo kuwa ushahidi, ila simu isiuzwe wala jumbe zisifutwe.

Tulimuuliza kama ukurasa wa daftari ni mkataba kweli, hauna muhuri, hauna mwanasheria. Akatufundisha kidogo. Sheria yetu ya Mikataba ilianza kutumika mwaka 1961, na Waingereza waliichukua kutoka ile ya India ya mwaka 1872. Kwa sheria hiyo hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, mradi watu wamekubaliana kwa hiari yao juu ya jambo halali na kuna kinachotolewa na kinachopokelewa. Shida ya mdomo ni kuthibitisha. Na muda? Madai ya mkataba yana miaka sita ya kufunguliwa, kwa hiyo sisi wa 2017 tulikuwa na nafasi mpaka 2023. Nilipiga hesabu kwa vidole chini ya meza.

Mwisho tukauliza tutashinda? Akasema sijui. Akasema naweza kuwaambia ushahidi wenu ni mzuri, lakini hukumu siandiki mimi, na mkishapata hukumu bado mtamkimbiza mtu alipe. Njiani kurudi, kwenye basi, nusu ya wajumbe walikuwa wamekasirika. Yule wa kwanza alituhakikishia, huyu anasema hajui, na bado anataka shilingi 1,200,000! Ilituchukua vikao vitatu kukubaliana. Kilichoamua ni karatasi. Yeye alituandikia mkataba wa kazi yake kwa Kiswahili, kurasa mbili, unasema atafanya nini na nini hatafanya, analipwa kwa mafungu matatu na kila fungu baada ya hatua fulani, gharama za mahakama ziko nje ya malipo yake, na rufaa, kama ingetokea, ni makubaliano mapya. Tulisoma kwa sauti mkutanoni, mstari kwa mstari. Bibi yetu mmoja asiyejua kusoma aliuliza, na akifa yeye katikati? Wakili alipopigiwa simu hakuchukia, akaongeza mstari kuhusu mafaili yetu.

Alianza na barua ya madai, siku 14. Yule bwana akapiga simu kunitukana, jambo ambalo tangu mwaka juzi hakulifanya, nikajua sasa imemfikia. Hakulipa. Ndipo wakili akaiomba mahakama ruhusa ya watu watatu kufungua kesi kwa niaba yao na kwa niaba ya wenzao. Kwa ruhusa ile majina yote 30 yaliorodheshwa, pamoja na wale tisa waliotoka, kwa sababu hela ya 2017 ilikuwa yao pia. Hapa tuligombana tena. Wapo waliosema waliotukimbia wasihesabiwe. Wakili akasema mkitaka kuwatoa tafuteni wakili mwingine. Nilimpenda siku ile.

Kesi za madai hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi, utaratibu ulioingizwa katika mahakama zetu mwaka 1994. Mnakaa chumba kidogo, hakuna kizimba, msuluhishi anasikiliza pande zote na hawezi kuwalazimisha. Mwaka 2020 tulikaa mara mbili. Yule bwana alianza kwa kusema machungwa yalikuwa mabichi. Wakili wetu akaweka mezani nakala ya daftari na jumbe za simu, hakusema neno. Kimya kikawa kirefu. Mwisho akakubali kulipa shilingi 8,000,000 kwa mafungu manne ya milioni mbili mbili. Sisi tulitaka 9,600,000 na riba, na wakili alitutoa nje tukazungumza chini ya mwembe. Alisema uamuzi ni wenu, mkikataa naendelea na kesi, inaweza kuchukua miaka miwili zaidi na rufaa juu yake. Tukapiga kura kwa vijiti. Kumi na wawili walikubali, wanne walikataa. Mimi nilikuwa katika wale wanne, na leo nasema wale kumi na wawili waliona mbali kuliko mimi.

Makubaliano yaliandikwa na kusajiliwa mahakamani, yakawa na nguvu sawa na hukumu. Hilo ndilo lililotuokoa, maana alilipa mafungu mawili akanyamaza. Hatukuhitaji kuanza upya. Wakili aliomba kukaza hukumu, dalali wa mahakama akaenda na amri ya kukamata gari moja, na ndani ya wiki ile milioni nne zikaingia benki. Huo ni mwaka 2021.

Mwaka huo huo wa 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na sheria nyingine ikawaruhusu mawakili kusimama katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Niliposikia nilicheka peke yangu jikoni. Sheria zote mbili zingekuja miaka minne kabla, kishoka wetu angekula wapi?

Hesabu kamili, kwa kuwa wengi mmekuwa mkiniuliza pembeni. Tulipokea 8,000,000. Kishoka alikula 400,000, gharama za mdaiwa katika kesi ya kwanza 350,000, wakili 1,200,000, ada za mahakama, nauli na nakala pamoja na ile 30,000 ya ushauri jumla 300,000. Zikabaki 5,750,000. Sandukuni zilitoka 7,000,000. Kwa hiyo tulipoteza 1,250,000, na faida tuliyoiota ya 2,600,000 hatukuiona. Mtu asije akasema kikundi kilishinda kesi kikatajirika.

Baada ya hapo tuliandikisha kikundi kupitia Halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, cheti kimetundikwa ofisini. Machungwa tunauza bado. Mkataba wa kila msimu tunampelekea wakili kwanza, anatutoza 50,000, na kuna msimu mmoja alitwambia tusisaini, hatukusaini, mnunuzi akaondoka kwa hasira. Kama angetudhulumu au la hatutajua. Mwenzetu mmoja mpaka leo ananung'unikia ule msimu.

Zile 5,750,000 tuligawa kwa watu 30, kila mmoja 191,600, na 2,000 iliyobaki tukaitia mfuko wa jamii. Tisa waliotoka tuliwaita wakaja. Watano wamerudi kikundini na mmoja wao ndiye mhasibu msaidizi sasa. Watatu walichukua fungu lao wakashukuru wakaenda. Wa tisa alikuwa amefariki mwaka 2020, yule aliyemsema Mweka Hazina kuliko wote. Fungu lake alikuja kulichukua binti yake, na aliyemhesabia ni Mweka Hazina mwenyewe, noti kwa noti, mara mbili, kisha akampa lile lile daftari la kurasa 64 aweke saini.

Daftari hilo litakuwa mezani siku ya sherehe, karibu na mlango. Mkilishika, kurasa za mwanzo zimelegea, tafadhali msizivute.